Mbunge Asiye na Jimbo wa Lower Kabete Road

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 24 Februari 1965, gari lilisimama mbele ya geti la nyumba moja kando ya Lower Kabete Road, barabara ya Nairobi inayotoka Westlands, ikipita Spring Valley na kuelekea Kabete. Aliyeshika usukani alikuwa mbunge Pio Gama Pinto, baba wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 37. Binti yake mdogo alikuwa katika kiti cha nyuma. Kabla geti halijafunguliwa, wauaji walilikaribia gari, wakampiga Pinto risasi na kutoweka. Mtoto hakudhurika. Kenya ilikuwa huru kwa miezi 14 tu, na tayari ilikuwa imempoteza mwanasiasa wa kwanza kuuawa kwa ajili ya siasa.

Wanaomkumbuka Pinto mara nyingi huanzia hapo getini na kuishia hapo hapo, na hiyo ni hasara. Kifo chake kimefunika kazi yake, hasa kazi aliyoifanya akiwa mtunga sheria. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi kwa muda wa miezi saba hivi. Hakuwa na jimbo, hakuwahi kuwa waziri, wala hakuna sheria inayobeba jina lake. Hata hivyo, wenye mamlaka walimhofia kuliko mawaziri wengi.

Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, katika familia ya Wagoa. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kama Wagoa wengi wa tabaka lake, alimpeleka mwanawe India kusoma akiwa na umri wa miaka minane. Huko Pinto akasoma, akajiunga kwa muda mfupi na jeshi la anga la India mwaka 1944, kisha akaajiriwa Bombay katika idara ya posta na simu, ambako alionja mgomo wake wa kwanza wa wafanyakazi. Akaingia pia katika harakati za kuikomboa Goa kutoka kwa Wareno. Wareno walikuwa na kambi ya wafungwa ya Tarrafal, huko Cape Verde, kwa ajili ya watu kama yeye. Mwaka 1949, akikwepa kukamatwa, alirudi Kenya.

Nairobi aliyoirudia ilikuwa imegawanywa kwa rangi, mtaa kwa mtaa. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya kaskazini na magharibi yenye hewa baridi na mashamba ya kahawa: Muthaiga, Westlands, Spring Valley, Kabete. Wahindi na Wagoa walibanwa Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika walisukumwa mashariki, Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo, na waliokanyaga Spring Valley walikuja kupika, kufua, kulea watoto au kutunza bustani. Anayetaka kuelewa kwa nini Pinto hakuacha kuzungumzia ardhi hadi mwisho wa maisha yake, na aanze na ramani hii.

Alifanya ukarani kwa muda, lakini moyo wake haukuwa huko. Kufikia mwaka 1951 alikuwa na ofisi katika Desai Memorial Hall, jumba ambalo wanasiasa wa Kihindi na wa Kiafrika waliweza kukutana bila kuombana radhi. Akajifunza Kiswahili. Akaandika katika Colonial Times na Daily Chronicle, magazeti ya Wahindi yaliyothubutu kuikosoa serikali. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na Jomo Kenyatta na wenzake watano wakafikishwa mahakamani Kapenguria, Pinto alikuwa mmoja wa walioshughulikia utetezi wao, pale mawakili walipotafutwa kutoka pembe nne za dunia. D. N. Pritt akaja kutoka London, Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika, kutoka Tanganyika. Wakaungana na mawakili wa Nairobi, akiwemo kijana Fitz de Souza, Mgoa mwenzake aliyelelewa Zanzibar. Wakati huo huo Pinto alikuwa akiwasaidia wapiganaji wa Mau Mau kisirisiri, jambo ambalo lingeweza kumfikisha kwenye kitanzi.

Hawakumnyonga. Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, wakazoa maelfu ya watu. Pinto, aliyekuwa amemwoa Emma Dias miezi mitano tu kabla, alikamatwa mwaka huo na kupelekwa kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Kambi ilikuwa Takwa, karibu na magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Humo walikuwemo watu walioitwa na serikali viongozi sugu, akiwemo mwandishi Gakaara wa Wanjau, ambaye baadaye alichapisha shajara yake ya kizuizini. Pinto alikuwa Mwasia katikati ya Waafrika kambini, kwa kosa lile lile, na urafiki uliopatikana hapo ulimfaa baadaye kuliko shahada yoyote. Mwaka 1958 alihamishiwa Kabarnet, akawekwa chini ya vizuizi hadi Oktoba 1959. Emma alimfuata huko.

Alipoachiwa, uchaguzi ulikuwa unanukia. Katiba iliyotoka Lancaster House mwaka 1960 iliweka viti 33 vya wazi, viti 20 vilivyotengewa Wazungu, Waasia na Waarabu, na viti 12 vya kitaifa ambavyo wabunge wenyewe wangewachagulia watu. Mwasia mwenye tamaa ya ubunge alikuwa na njia nyepesi: kugombea kimoja cha viti vinane vya Waasia. Pinto hakuishika njia hiyo. Alikuwa miongoni mwa waliounda Kenya Freedom Party, chama cha Waasia kilichosimama upande wa chama cha KANU wakati KANU yenyewe ilikuwa bado ya Waafrika peke yao, na nguvu zake akazimimina katika kampeni za watu wengine.

Silaha yake kubwa ilikuwa gazeti. Alianzisha Sauti ya KANU mwaka 1960, kisha akawa mkurugenzi na katibu wa Pan African Press, kampuni iliyochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Fedha za kuanzia alizitafuta India, kwa Jawaharlal Nehru. Inafaa kutazama maana ya jambo hili. Chama kilichokuwa kikijiandaa kutawala kilihitaji mtu anayejua bei ya karatasi, anayejua kusahihisha makala usiku wa manane na kuhakikisha gazeti la Kiswahili linamfikia mkulima kabla halijachakaa. Wasemaji walikuwa tele katika KANU. Watu wa aina ya Pinto walikuwa wachache.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika Baraza Kuu la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, lililoshughulikia huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, kama vile reli, bandari na posta. Julai 1964 akaingia katika Baraza la Wawakilishi la Kenya kama mjumbe wa kuchaguliwa maalumu. Katiba ya uhuru ilikuwa na viti 12 vya namna hiyo, vilivyojazwa kwa kura za wabunge wa majimbo 117. Kwa hiyo Pinto alikuwa mbunge wa wabunge: wapiga kura wake walikuwa wenzake waliokaa naye ukumbini.

Hapo ndipo siri ya nguvu zake ilipokuwa. Mbunge wa jimbo alikuwa na foleni ya watu mlangoni wanaotaka karo, kazi na barabara. Pinto aliweza kutumia siku nzima kuzungumza na wabunge, mmoja baada ya mwingine, kwenye veranda za Bunge chini ya ule mnara wa saa, na jioni akaendelea nyumbani. Alikuwa mpangaji mikakati wa kundi la Jaramogi Oginga Odinga, Bildad Kaggia na Achieng Oneko ndani ya KANU. Joseph Murumbi, waziri na rafiki yake wa chanda na pete, alimsikiliza kuliko alivyowasikiliza wengi serikalini. Tarehe 12 Desemba 1964, siku Kenya ilipokuwa jamhuri, ilifunguliwa Lumumba Institute, chuo cha kuwafunza viongozi wa KANU kutoka wilayani, na Pinto alikuwa mwanzilishi wake mkuu. Aliwasaidia pia wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa wakipambana na Wareno wale wale aliowakimbia mwaka 1949.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ardhi. Serikali ilikuwa ikikopa fedha kuyanunua mashamba ya walowezi na kuwauzia Waafrika kwa mkopo. Kaggia alisema wazi kwamba watu waliopigana msituni wasilipishwe ardhi waliyonyang'anywa, na katikati ya 1964 alipoteza kazi yake ya waziri msaidizi. Pinto alikuwa upande huo. Aliona jinsi mashamba, na nyumba za vitongoji kama Spring Valley, yanavyohama kutoka kwa mlowezi kwenda kwa mwanasiasa, huku mfungwa wa zamani wa kambi ya Manyani akirudi kuwa skwota. Kwa kuwa KADU, chama cha upinzani, kilijivunja Novemba 1964, hapakuwa tena na upinzani rasmi. Upinzani uliobaki ulikuwa ndani ya KANU, nao ulihitaji mtu wa kuuhesabia kura.

Mapema mwaka 1965 serikali ilikuwa ikiandaa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, andiko ambalo kwa hakika lililinda umiliki binafsi wa mali. Kambi ya Odinga ilikusudia kuupinga. Marafiki wa Pinto walisimulia baadaye kwamba alionywa kuwa maisha yake yako hatarini, akaenda Mombasa kwa muda, kisha akarudi. Tarehe 21 Februari mwanaharakati wa Marekani Malcolm X aliuawa New York, miezi michache tu baada ya kuitembelea Nairobi. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Lower Kabete Road. Waraka ulitolewa bila yeye kuwepo na Bunge likaupitisha. Lumumba Institute ilifungwa mwaka huo huo. Mwaka 1966 Odinga na Kaggia wakajitoa KANU na kuunda chama cha KPU, na Murumbi, aliyekuwa amerithi umakamu wa rais kutoka kwa Odinga, akajiuzulu baada ya miezi michache.

Polisi waliwakamata vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa na mahakama. Kisilu alipatikana na hatia, akahukumiwa kunyongwa, na hukumu hiyo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka gerezani mwaka 2000, baada ya miaka 35, akishikilia kwamba hakumuua Pinto na kwamba yeye alikodiwa tu ili amtishe. Waliowatuma wauaji hawajawahi kusimamishwa kizimbani. Kuna uchungu wa pekee katika jambo hili: mtu aliyepigania wanyonge aliuawa, na mzigo wote wa kifo chake ukabebwa na mnyonge mmoja kwa miaka 35.

Emma alihamia Kanada na mabinti zake mwaka 1967. Pinto hakuwa amejilimbikizia mali. Marafiki walilazimika kuchangishana fedha kuisaidia familia ya mbunge. Septemba 1965 Shirika la Kimataifa la Wanahabari lilimtunuku heshima baada ya kifo, huko Santiago, Chile. Serikali ya nchi yake ilichukua muda mrefu zaidi: stempu yenye picha yake ilitolewa mwaka 2008, pamoja na nyingine za mashujaa wa Kenya.

Kaburi lake liko City Park, mwendo mfupi kutoka Westlands, kwenye makaburi yanayopakana na msitu wenye kima wanaojua kufungua mfuko wa karanga. Murumbi aliomba azikwe karibu na rafiki yake, na alipofariki mwaka 1990 akalazwa hapo. Bustani ya kumbukumbu ya Murumbi ina sanamu kubwa, na watu huenda kupiga picha. Kaburi la Pinto halina mbwembwe, na mgeni huhitaji kuuliza lilipo.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Kuhusu Pinto, ilisema upo ushahidi wa mazingira wa kutosha kuonyesha kuwa serikali ilihusika katika mauaji yake. Lakini kilichozusha vita vikali ndani ya tume hiyo kilikuwa sura ya ripoti inayohusu ardhi. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia saini, wakisema aya kadhaa zilibadilishwa baada ya shinikizo kutoka Ikulu, zikiwemo zilizogusa namna familia ya rais wa kwanza, Jomo Kenyatta, ilivyopata ardhi Pwani. Ripoti ilipelekwa Bunge. Desemba 2013 wabunge waliirekebisha sheria ya tume hiyo ili utekelezaji wa mapendekezo utegemee idhini yao wenyewe, na idhini hiyo bado hawajaitoa.