Hazina ya Mulhouse

Katika mji wa Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, liko jengo kubwa lililokuwa zamani kiwanda cha kusokota sufu, na ambalo leo ni makumbusho ya motokaa za kale yenye wenzi wachache duniani. Maana humo zimehifadhiwa motokaa zaidi ya 400, na miongoni mwake zaidi ya 100 zilitoka katika karakana ya Ettore Bugatti, fundi mzaliwa wa Italia aliyeanza kazi yake huko Molsheim, katika jimbo lile lile la Alsace, mwaka 1909. Tarehe ya makumbusho hayo yafaa isomwe na kila anayejali vitu vya kale, kwani mapenzi na dhuluma vilikaa humo chini ya dari moja.

Waliokusanya hazina hiyo walikuwa ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wana wa baba Mswisi na mama mwenyeji wa Mulhouse, waliotajirika kwa biashara ya sufu hata wakamiliki viwanda kadhaa. Fritz ndiye aliyeshikwa na mapenzi ya motokaa, tena wakati ambapo aghalabu ya watu waliziona motokaa kuukuu kuwa chuma chakavu tu, kisichostahili hata gharama ya kukipa banda. Mwaka 1964 zilimfikia kutoka Marekani Bugatti 30 kwa mpigo, alizoziuza John Shakespeare wa Illinois. Na katika siku hizo hizo alinunua Molsheim kwenyewe motokaa zilizobaki mikononi mwa kiwanda, na pamoja nazo ile iitwayo Royale Coupé Napoléon.

Gari hilo lastahili kuangaliwa kwa makini. Injini yake ina silinda 8 zilizopangwa safu moja, na ukubwa wake unakaribia lita 13. Na juu ya kifuniko cha rejeta amesimama tembo kwa miguu ya nyuma, mkonga umeinuliwa, kwa mfano wa sanamu ya Rembrandt Bugatti, ndugu yake Ettore, mchongaji wa wanyama aliyefariki mwaka 1916. Ettore alitaraji kwamba wafalme wangeshindania Royale; lakini mdororo wa biashara ulioanza mwaka 1929 uliwafunga hata matajiri mikono, zikatengenezwa 6 tu, wala hapana mfalme aliyenunua hata moja.

Ndugu wale waliweka mafundi wa injini, wa mbao, wa ngozi na wa rangi, wakafanya kazi kwa siri nyuma ya milango iliyofungwa. Na njia za ukumbini zikapambwa kwa mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III mjini Paris. Lakini biashara ya sufu ilikuwa ikififia, na wafanya kazi wakawa wanapunguzwa. Mwaka 1976 mgomo ulipopamba moto, ndugu wale walihamia Basel. Na mwezi wa Machi 1977 wafanya kazi wakaingia katika jengo lile, wakaona kwa macho yao mahali fedha nyingi zilipokwenda wakati wao walipokuwa wakiambiwa kwamba fedha hakuna. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Hata hivyo, kwa muda wa miaka miwili walilikalia jengo na kuwafungulia watu milango, nao mkusanyo haukutawanywa.

Mwaka 1978 dola ya Ufaransa iliutia mkusanyo katika urathi wa taifa, usije ukagawanywa na wadai. Mwaka 1981 mji, jimbo na washirika wao wakaununua kwa faranga milioni 44. Na mwaka 1982 makumbusho ya taifa yakafunguliwa rasmi.

Tangu hapo kazi ya kuhifadhi haikukoma, kwa kuwa motokaa huharibika hata ikisimama. Petroli huganda ikaziba mirija, oili kuukuu hula vyuma kwa ndani, mpira hukakamaa, ngozi hupasuka, na mwanga wa jua hufifisha rangi. Tena pana hitilafu kubwa baina ya wahifadhi: wako wapendao motokaa ing'arishwe kama siku ilipotoka karakanani, na wako washikao kwamba rangi ya kwanza, japo imechubuka, ni ushahidi usioweza kufanywa mara ya pili. Mimi naafikiana na hawa wa pili kila chombo kinapokuwa bado na mwili wake wa asili, maana mkono wa leo, hata uwe stadi namna gani, hauwezi kurudisha alama ya mkono wa fundi aliyekwisha kufa.

Haitakuwa insafu kumnyima Fritz Schlumpf shukrani, kwani lau si yeye nyingi ya motokaa hizo zingeyeyushwa zamani; lakini haitakuwa insafu vile vile kuwasahau waliosokota sufu iliyozinunua, na waliozilinda walipokuwa na kila sababu ya kuziuza. Kitu cha kale ni amana, na aliye nacho leo anacho kwa niaba ya waliokifanya na ya watakaozaliwa. Kwa hiyo tajiri akusanyaye, popote alipo, na aandike mapema wasia wa kukiweka chombo chake mahali pa umma, na makumbusho yaandike jina la fundi kando ya jina la mwenye mali, maana mali ilinunua vyombo hivi, lakini ni kazi ya mikono iliyovifanya na ikaviponya.