Lipidi za utando wa seli na ishara za kalsiamu katika karanga

Ishara ya kalsiamu ni mabadiliko ya ghafla ya kiasi cha ioni za kalsiamu ndani ya seli, ambayo seli huyatumia kama taarifa ya kuanzisha kazi fulani. Ndani ya saitoplazimu, yaani ujiuji wa seli, ioni hizo huwa chache kiasi cha mara 10,000 kuliko nje, na kinachoilinda tofauti hiyo ni utando uliojengwa kwa fosfolipidi, molekuli zenye kichwa cha fosfati kinachopatana na maji na mikia ya mafuta inayoyakwepa.

Utando huo si ukuta mtupu. Mwaka 1983 Streb, Irvine, Berridge na Schulz walionyesha, kwa seli za kongosho, kwamba kipande kinachokatwa kutoka lipidi moja adimu ya utando, kiitwacho inositoli trifosfati, huifungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Mimea ya nchi kavu hukata lipidi hiyo hiyo, lakini mlango wa kukipokea kipande hicho kama ulivyo kwa wanyama haujapatikana katika jenomu zake, kwa hiyo maelezo ya vitabu vya fiziolojia ya binadamu hayafai kuhamishiwa shambani bila tahadhari.

Karanga, zinazolimwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kusini mwa Tanzania, huudhihirisha uhusiano huu wa lipidi na kalsiamu kwa namna mbili. Kwanza, katika mimea mingi ya jamii ya kunde, bakteria wa vinundu vya mizizi hujitambulisha kwa molekuli ya sukari yenye mkia wa asidi ya mafuta. Vipokezi vya utando vikiitambua, kalsiamu hupanda na kushuka kwa mapigo ndani na kandokando ya kiini cha seli. Katika karanga bakteria hao huingilia kwenye nyufa za mahali mizizi midogo inapochomoza.

Pili, kalsiamu huunganisha vichwa vya fosfati vya lipidi jirani, hivyo ikipungua mno utando huvuja na ishara huvurugika. Upungufu huo huonekana upesi zaidi kwenye ganda, kwa kuwa kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa kuelekea majani, ilhali ganda lililozama ardhini halipumui maji hewani na hulazimika kuinyonya lenyewe kutoka udongo unaolizunguka. Matokeo yake ni mapepe, maganda yaliyokua bila punje. Ndiyo maana, kwa mkulima wa udongo wa kichanga, jasi, madini yenye kalsiamu, huwekwa karibu na shina wakati wa kutoa maua, kwa sababu kalsiamu iliyokwisha kufika majanini hairudi kwenye ganda.