Mzigo wa barakoa: nani aliubeba zaidi?

Barakoa, ambayo huku kwetu wengi huiita kashne, hufunika pua na mdomo ili kupunguza matone yanayotoka mtu akikohoa, akiongea au akiimba. Katika Kongo iliingia maisha ya kila siku mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, na hali ya dharura ikafuata tarehe 24 Machi. Tangu Aprili, aliyekutwa barabarani Kinshasa bila barakoa alitozwa faini ya faranga 5,000.

Mzigo wa mwili. Joto, jasho, mvuke kwenye miwani, na pumzi fupi kwa anayepanda kilima na gunia mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka 3, na watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe kuivaa.

Mzigo wa mfuko. Kwa mama anayeuza ndizi, kununua barakoa ni kupunguza chakula cha watoto. Ndiyo maana wengi walivaa moja siku nyingi, au waliiacha kidevuni na kuipandisha walipoona polisi.

Mzigo wa mahusiano. Kiziwi anayesoma midomo alifungiwa nje ya mazungumzo. Mzee mwenye masikio mazito alikaa ibadani bila kuelewa mahubiri. Aliyevaa alidhaniwa mgonjwa, asiyevaa akaitwa mzembe. Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa bado na kidonda cha Ebola ya 2018 hadi 2020, ambapo uso uliofunikwa ulikumbusha mazishi.

Katika Walawi 13, mwenye ukoma aliagizwa kufunika mdomo, na kifuniko hicho kilimtenga na wenzake. Barakoa ya Korona ilikuwa kinyume: wote wakivaa, hakuna anayenyoshewa kidole. Lakini kuvaa sawa si kulemewa sawa.

Kwa hiyo, ugonjwa wa namna hii ukirudi, kanisa lisianze na kumfukuza mlangoni asiye na barakoa. Wamama wenye cherehani washone za kugawa bure. Mwenye pumu akae karibu na dirisha. Kiziwi apate mtu wa kumtafsiria kwa ishara. Hapo sheria ya afya itashikwa, na hakuna ndugu atakayebaki nje kwa sababu ya umaskini wake.