Kusokota na Kupota: Maneno Mawili ya Uzi

Anayejifunza kutengeneza uzi kwa mkono hufika mahali ambapo maneno humwishia. Siku za kwanza hufundishwa kuvuta nyuzinyuzi za pamba au sufu, kuzizungusha mpaka zishikane, na kuviringa uzi alioupata. Baadaye mwalimu humwambia achukue nyuzi mbili za namna hiyo azizungushe pamoja, safari hii kwa upande wa kinyume. "Mwalimu, si nimeshausokota?" Kweli, ameshausokota. Mwalimu naye hana neno jingine, basi hulirudia lile lile: "Sokota tena."

Neno jingine lipo, nalo ni kupota. Makala hii inaomba lirudi darasani.

Nasema hivi nikiifikiria Sumbawanga. Mji huu uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtoto haendi shule bila sweta. Kufuma masweta na vitambaa vya makochi ni ujuzi unaoweza kumpa mtu kipato hapa. Lakini anayejifunza kufuma huanza na donge la uzi kutoka dukani, lililokwisha kutengenezwa kiwandani, na hatua zote zilizolitangulia donge hilo hazioni. Asipoziona hahitaji majina yake, na neno lisilohitajiwa hubaki kwenye kamusi.

Tuitazame kazi yenyewe. Pamba huchambuliwa kutoa mbegu, kisha huchanwa ili nyuzinyuzi zake zielekee upande mmoja. Msokotaji hushika fungu kwa mkono mmoja, akavuta kidogo kidogo, na kwa mkono wa pili akazungusha kijiti chenye kisahani kizito. Uzito wa kisahani hukifanya kijiti kiendelee kuzunguka baada ya vidole kukiachia. Unyuzi wa pamba ni mfupi, takriban sentimita 3 tu, na hapana gundi inayouunga na mwenzake. Kinachoziunga ni msokoto: hubana nyuzinyuzi mpaka zisuguane na zikatae kuteleza.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Msokotaji mpya hudhani pabovu ni pembamba, kumbe mara nyingi ni panene. Msokoto hukimbilia sehemu nyembamba na kuikaza, ukaiacha ile nene imelegea kama pamba tupu. Hapo ndipo uzi huachia.

Uzi wa msokoto mmoja una tabia nyingine: hautulii. Unyoshe kiasi cha meta moja, kisha ulegeze katikati, nao utajikunja wenyewe kwa wenyewe. Ukiufumia sweta, nguvu hiyo huingia ndani ya sweta. Mistari iliyopaswa kusimama wima hulala upande, na mshono wa ubavuni ukaja kukaa tumboni. Dawa yake ni kuchukua nyuzi mbili zilizozungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na kuzizungusha pamoja kinyume cha mwendo huo. Kila uzi hutaka kufunguka, na kule kutaka kufunguka ndiko kunakomkaza mwenzake. Nguvu mbili zikipingana hivyo, uzi hutulia. Mafundi wa nchi nyingi huuita uzi wa kwanza Z na wa pili S, kwa kufuata mlalo wa mstari wa kati wa herufi hizo. Herufi hizo twaweza kuzitumia kama zilivyo.

Sasa turudi kwenye maneno. Kusokota ni neno pana. Husokotwa tumbaku, husokotwa nywele, na tumbo nalo husokota. Mara nyingi ni kitu kimoja kinachojizungusha juu yake chenyewe, na kinyume chake ni kusokotoa. Kupota kwenye kamusi zetu ni kuzungusha nyuzi pamoja ili kupata kamba au ugwe. Ndugu yake ni upote, yaani kamba ya upinde, kitu ambacho mwindaji alikitegemea kisimkatikie mkononi. Ndugu wengine ni popotoa, potoka na potosha, maneno yaliyobaki hai mpaka leo katika hotuba na magazeti huku mzee wa ukoo akisahauliwa.

Pendekezo langu ni hili: kusokota liwe la hatua ya kwanza, kupota liwe la hatua ya pili. Uzi wa kwanza ni uzi uliosokotwa. Wa pili ni uzi uliopotwa. Zikiwa nyuzi tatu, ni uzi uliopotwa kwa misokoto mitatu. Mwanafunzi akitaka kukumbuka sababu, ashike maneno haya: uzi usipopotwa, sweta hupotoka.

Najua pingamizi litakalokuja. Wengine watasema neno hili ni la kale na sikio la leo litalichanganya na kupotea. Lakini darasani hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa mwenye uzi mkononi anaona kama umepotwa au umepotea. "Kusokota pamoja" linaeleweka, ila ni maelezo na halizai. Kupota linazaa mpotaji, kupotwa, kupoteka. Tena taratibu za kuunda istilahi zinazofuatwa na BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967, hutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa mbali. Hapa hatuhitaji kuvuka hata mlango.

Hali ni tofauti kwa kile kijiti chenye kisahani. Hakina jina moja linalojulikana na wote. Mimi naliafiki neno "pia", jina la kile chombo ambacho watoto hukizungusha chini, kwa kuwa umbo na mwendo ni ule ule. Tuseme "pia ya kusokotea". Gurudumu la kusokotea nalo lina kisa chake. Wahindi huliita charkha, jina lenye asili ya Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Kiswahili kililipokea neno la ukoo huo huo, kikalipa mashine ya kushonea: cherehani. Mshonaji akapata jina, msokotaji akakosa.

Wala tusidhani ufundi huu ni mgeni kwetu. Kilwa Kisiwani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua visahani vya pia vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, vyenye tundu katikati. Huku bara, msafiri David Livingstone alipokuwa akipita kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872, aliandika habari za pamba iliyolimwa kwa wingi na nguo nzito zilizofumwa na wenyeji. Wafipa walikuwa miongoni mwa wafumaji hao. Pamba ilistawi kwenye joto la bondeni, Ziwa Rukwa upande mmoja na Tanganyika upande wa pili, na nguo ikawafaa hata wa huku juu kwenye baridi. Kisha ikaja merikani na nguo nyingine za viwandani, na pia za kusokotea zikawekwa kando. Baadaye serikali iliweka karantini ya pamba katika ukanda wa kusini ili kumzuia funza mwekundu, na malighafi yenyewe ikawa adimu.

Ujuzi uliolala huweza kuamshwa. Kule Nanyuki, Kenya, akina mama wa Kanisa la Presbyterian walianzisha mwaka 1977 kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers, wakasokota sufu kwa mikono na kufuma mazulia ya kuuza. Kondoo wengi wa Ufipa ni wa manyoya mafupi, hawatoi sufu ya namna ile. Hata hivyo fungu la pamba kutoka Kanda ya Ziwa, kijiti na kisahani cha mti vinatosha kwa somo la kwanza.

Kwako mwalimu wa ufumaji, Sumbawanga au kwingineko: kabla hujawapa wanafunzi wako sindano, wape fungu la pamba wasokote meta moja, wapote meta moja, na waandike maneno hayo mawili kwenye daftari. Nawe uliye na bibi au babu bondeni Rukwa, muulize leo pia ya kusokotea iliitwaje kwa Kifipa, na kupota kuliitwaje. Andika jibu pamoja na jina la kijiji, ulipeleke kwa wanaotunga istilahi. Maneno ya kazi hii wanayo wazee wachache, na wazee hawatungoji.