Hesabu Ndani ya Tone la Maji

Msomaji, ukitoka Lodwar kwenda Nadapal, penye mpaka wa Kenya na Sudan Kusini, utapita Kakuma, kisha Lokichoggio. Njia kuu ni moja, wala haihitaji hesabu. Lakini tuseme umepewa lori la chakula, na kati ya miji hiyo miwili ya mwisho na ya mwanzo kuna vijiji kumi vya kufikiwa, kila kimoja mara moja tu, na mito ya msimu imefunga baadhi ya njia. Mipango ya kuchunguzwa ni 3,628,800. Vijiji vikiwa ishirini, mipango huzidi bilioni mbili mara bilioni moja. Na mwenye njaa hangoji.

Fumbo la namna hii limepewa jina la William Rowan Hamilton, bingwa wa hesabu wa Ireland, aliyelitungia mchezo mwaka 1857. Hata kompyuta hulemewa nalo miji inapokuwa mingi.

Mwaka 1994 Leonard Adleman, mwalimu wa chuo kikuu mjini Los Angeles, Marekani, alilijaribu kwa njia mpya. Alitumia DNA, uzi mwembamba unaobeba urithi wa viumbe. Uzi huo una herufi nne: A hushikana na T, na G hushikana na C. Alichagua miji saba, akaupa kila mji herufi ishirini. Kila njia akaipa kipande chenye nusu ya herufi za mji inakotoka na nusu ya herufi za mji inakokwenda. Vipande vingine, vyenye herufi za kushikana na zile za miji, vikawa kama gundi. Akavichanganya katika maji kidogo sana, na safari nyingi mno zikajiunga kwa wakati mmoja.

Ndipo akaanza kuchuja. Alibakisha safari zilizoanza na kuishia mahali pake, kisha zenye urefu wa miji saba, kisha zilizopita kila mji. Kilichosalia ndicho kilichokuwa jibu. Kazi hiyo ilimchukua siku saba.

Je, fumbo lilikwisha? La. Mwaka 1995 Juris Hartmanis alionyesha kwamba kwa miji 200, DNA ya kutumia njia hiyo ingekuwa nzito kuliko dunia. Mwaka 2002 Adleman na wenzake walitatua fumbo jingine, lenye mipango zaidi ya milioni moja, wakafika hapo kwa taabu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hupanuka kila kinapojazwa. Kwa hiyo mpangaji mwenye busara mara nyingi hutafuta njia inayofaa, chakula kifike, asingoje iliyo bora kupita zote.