Trekta linakunywa lita ngapi kwa eka?

Wadau, ukikaa Haydom mvua za kwanza zinapoanza, utagundua maswali ya mjini hayana kazi kule. Sisi tunaulizana gari linakula lita moja kwa kilometa ngapi. Kule swali ni moja tu: lita ngapi kwa eka? Mwenye trekta anajiuliza akiwa amelala, na mwenye shamba anaulizwa alipe bei ambayo ndani yake jibu la swali hilo limeshafichwa.

Nilienda kumsalimia mjomba, nikarudi na historia.

Haydom iko umbali wa takriban kilometa 300 kutoka Arusha kwa barabara, na juu kidogo, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hospitali ya Walutheri, ambayo ndiyo iliyoutangaza mji huo, ilifunguliwa mwaka 1955. Kwa hiyo kila lita ya dizeli inayolima kule imepanda milima kwanza, na ilipofika imekuwa ghali kuliko ilipoanza safari. Weka hilo akilini.

Umri wa hospitali hiyo na umri wa trekta dogo la dizeli haupishani sana. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa ameona jambo ambalo wahandisi wengi hawakuliona. Matrekta ya zamani yalivuta plau kwa mnyororo kama maksai, kwa hiyo ili lisiteleze, trekta ilibidi liwe zito. Sasa chuma kizito kinakula mafuta kwa kujibeba chenyewe! Ferguson akalifunga plau kwenye mikono mitatu inayoinuliwa kwa mafuta ya haidroli, hivi kwamba plau likizama kwenye udongo mgumu, uzito unahamia kwenye magurudumu ya nyuma. Trekta lake la TE20 lililoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946 lilikuwa na uzito wa tani moja na ushee tu. Toleo la dizeli likafuata mwaka 1951. Baadaye zikaja Massey Ferguson 35 na 135, zile nyekundu zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ambazo mpaka leo ukizitaja kijijini wazee wanatabasamu.

Kaskazini mwa nchi ya Wairaqw, upande wa Karatu na Mbulumbulu, wakulima Waafrika walikuwa wanalima ngano kwa matrekta tangu miaka ya 1950. Kusini kulikuwa na maksai zaidi. Na Mwalimu Nyerere naye aliona hivyo hivyo: hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa jembe la mkono aende kwanza kwenye plau la ng'ombe. Mwaka 1966 serikali ilisimamisha mpango wa makazi mapya ya vijijini, kwa sababu mitambo ilikuwa imemeza fedha nyingi kuliko mavuno yaliyorudi.

Halafu, ajabu, nchi ile ile ikageuka upande wa pili. Si mbali na Haydom, kwenye uwanda wa Basotu wilayani Hanang, NAFCO kwa msaada wa Canada ikafungua mashamba ya ngano kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yakafika saba, kila moja la takriban eka 10,000, yakilimwa kwa mashine kubwa kama za kwao.

Kwenye karatasi, mashine kubwa inapendeza. Shamba refu lina kona chache, na kona ndiyo inayochoma dizeli bila kulima kitu. Lakini ili upate mstari mrefu usiokatwa unahitaji ardhi isiyo na mtu, na Basotu haikuwa hivyo. Wabarabaig walikuwa wanachunga pale. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981 wakashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sehemu kubwa. Nikisoma hesabu za ufanisi wa mafuta wa mashine zile, najiuliza malisho yale yaliandikwa kwenye safu gani.

Nayo dizeli haikusubiri. Mwaka 1973 pipa la mafuta ghafi lilikuwa karibu dola 3, mwanzoni mwa 1974 karibu dola 12. Mwaka 1979 likapaa tena, sisi tukiwa tumetoka kupigana na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana. Nozeli iliyochoka hairushi dizeli kama ukungu, inadondosha. Moshi mweusi unaouona nyuma ya trekta ni hela ya mtu inayopaa.

Haydom kuna sababu nyingine ya moshi huo: mwinuko. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, maana hewa ni nyepesi. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya Dar inamwaga dizeli ambayo hewa ya Haydom haiwezi kuiunguza yote.

Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza na pawatila zake, injini ya silinda moja, matangazo yakasema zinakunywa kidogo. Kwa saa, kweli. Lakini piga hesabu, mfano tu: pawatila inakunywa lita 1.5 kwa saa na kwenye udongo mgumu inatumia saa 7 kumaliza eka. Hizo ni lita 10.5. Trekta la nguvu farasi 45 linakunywa lita 6 kwa saa na kumaliza eka kwa saa moja na nusu. Lita 9! Kwenye majaruba ya mpunga pawatila ina heshima yake, ila udongo mkavu wa Hanang ni habari nyingine.

Dereva wa mjomba hajasoma haya popote, lakini anayafanya. Akiwa na haro nyepesi anapandisha gia na kupunguza moto. Gurudumu likianza kuteleza anasimama anapunguza kina cha plau, maana mteleko wa asilimia 15 ni dizeli ya asilimia 15 iliyolima hewa.

Mjomba anamwamini, lakini si sana. Ana kijiti chenye alama alizochonga kwa kisu. Alfajiri anakitumbukiza kwenye tanki, jioni anakitumbukiza tena, kisha anauliza: eka ngapi?