Kukesha: Kazi Baada ya Saa ya Kufunga katika Mwambao wa Rumonge

Soko likifungwa na ofisi zikifungwa, wapo watu ambao kazi yao ndiyo kwanza inaanza. Kiswahili kinasema watu hao wanakesha. Neno ni la kawaida mno, na pengine ndiyo sababu darasani tunalipita haraka. Katika makala haya tutalifuata hadi Minago, kwenye makazi ya wavuvi kaskazini ya mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Huko neno hili lina historia ambayo kila anayelifundisha angefaa kuijua.

Tuanze na maana. Kukesha ni kukaa macho usiku kucha. Kitenzi hiki kina undugu na kesho, na pia na -cha tunachokisikia katika kumekucha. Yaani neno linaupima usiku kwa mwisho wake: anayekesha ni yule anayelifikia pambazuko akiwa macho. Mwanafunzi Mrundi halioni kuwa geni sana, kwa sababu katika Kirundi husema bwakeye, yaani kumekucha. Ila na ajihadhari na pacha wake. Katika sentensi "mvuvi kesha ondoka", kesha ni mkato wa amekwisha, wala hauhusiani na usiku.

Nomino mkesha tumezoea kuifundisha kwa mifano ya sherehe na ibada: mkesha wa arusi, mkesha wa Krismasi, mkesha wa matanga. Ziwani mkesha ni ajira. Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, hufuata mwanga. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni ndani ya mitumbwi na kuwachota samaki kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai, na mitumbwi iliyounganishwa pamoja ambayo hujulikana kwa jina la katamarani. Siku hizi taa za betri zimechukua nafasi ya karabai kwa wingi. Kanuni haikubadilika: giza ndilo shamba la mvuvi. Mbalamwezi ikikolea samaki hutawanyika, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa.

Kiswahili chenyewe kilifika mwambao huu kwa njia ya maji. Burton na Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kutangulia. Mitumbwi iliyotoka huko kwenda Uvira iliambaa ufuko wa mashariki. Biashara na uvuvi vikaieneza lugha, na hadi leo Rumonge ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambako Kiswahili husikika sana.

Neno la pili katika habari hii lilikuja na serikali. Kwa Kifaransa ni couvre-feu, na maana yake ya asili ni "funika moto". Katika miji ya Ulaya ya zama za kati kengele ilipigwa jioni ili watu wafunike moto wa jikoni, nyumba zisije zikaungua usiku. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, na Kiswahili cha Afrika Mashariki kikalipata kwa Waingereza likiwa kafyu. Burundi ililipata moja kwa moja kutoka Kifaransa cha ofisini. Neno ni moja, milango ya kuingilia ni miwili. Kwa Kiswahili kirefu tunasema amri ya kutotoka nje.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchini kote kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 300,000, na wengi walikimbilia nchi jirani. Mwaka huohuo ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Iliondolewa Aprili 2006, baada ya miaka 34. Mtoto aliyezaliwa ilipowekwa angeweza kuwa mzazi ilipoondolewa.

Amri ya namna hii humgusa kila mtu, lakini si sawasawa. Karani hufunga ofisi akarudi nyumbani. Mvuvi wa ndagala anaambiwa afunike moto, na moto ndio chambo chake. Mwanamke anayenunua samaki ufukweni hana budi kuwapo mitumbwi inapofika, kabla jua halijachomoza.

Hapa linafaa neno la tatu: kuwanga, yaani kufanya uchawi wa usiku. Afanyaye hivyo ni mwanga, wingi wake wanga. Mwanga wa taa nao wingi wake ni mianga. Umbo la umoja ni moja, ngeli ni mbili. Basi mtu anayeonekana nje usiku wa manane, ana mwanga au ni mwanga? Kafyu hailiulizi swali hilo. Kwake kila aliye nje ni wa kushukiwa. Kukesha, kinyume chake, hakumtuhumu mtu. Anayekesha ana sababu yake: mgonjwa, msiba, ibada, au wavu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usitosheke kumwambia mwanafunzi kwamba kukesha ni kutolala. Asiyelala huenda amekosa usingizi tu. Waulize wanafunzi wako nani hukesha mtaani kwao, na kwa nini. Watamtaja mlinzi, mwuguzi, mwoka mikate. Ukiwa Rumonge au Minago, hawatahitaji kufikiri: wataonyesha ziwa.